Jim Corbett: Mwindaji aliyetua bunduki, akashika kamera na kuzikwa Nyeri

MAKABURI ya kanisa la Kianglikana la St Peter's mjini Nyeri huvutia wageni kutoka pembe zote za dunia. Wengi wao hufika kutoa heshima kwa Lord Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha maskauti, aliyefariki mnamo Januari 8, 1941. Wachache hupiga hatua chache zaidi wakasimama mbele ya kaburi la mtu mwingine ambaye hakuwahi kuongoza chama chochote wala kutafuta umaarufu, lakini jina lake lilijulikana kote duniani kabla hajaishi Nyeri hata siku moja.

Mtu huyo ni Edward James Corbett, aliyefahamika na wengi kama Jim. Nchini India jina lake limepewa mbuga ya wanyama. Katika maktaba za shule, vitabu vyake vimekaa rafuni miaka na mikaka. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa bunduki, kwa kuwa ndiye aliyewaua simbamarara na chui waliokuwa wakila watu katika milima ya kaskazini mwa India.

Hata hivyo, kwa takriban miaka 30 ya mwisho ya maisha yake, chombo alichokipenda zaidi kilikuwa kamera. Ni habari ambayo haisimuliwi sana, ingawa ndiyo inayoeleza vyema zaidi kilichomfikisha kando ya Mlima Kenya na alichokuwa akifanya juu ya mti usiku wa Februari 5, 1952.

Corbett alizaliwa Julai 25, 1875 katika mji wa Nainital, ulioko kwenye vilima vya Kumaon, chini ya safu za Himalaya. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya Ireland ambao familia zao zilikuwa zimekaa India kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa msimamizi wa posta mjini humo. Alifariki Jim akiwa bado mtoto mdogo, akamwachia mjane mzigo wa kulea watoto wengi kwa pesa chache.

Wakati wa baridi familia hiyo iliteremka hadi kijiji cha Kaladhungi, palipokuwa na msitu mlangoni. Hapo ndipo kijana huyo alipojifunza kusoma nyayo, kutambua milio ya ndege na kunguru wanapomsema chui, na kutembea bila kukanyaga tawi kavu. Elimu hiyo hakuipata darasani. Aliipata kwa kaka zake, kwa wawindaji haramu wa kijijini na kwa kukaa peke yake porini.

Akiwa na umri wa miaka kama 18 aliajiriwa na shirika la reli. Baadaye alipata kandarasi ya kuvusha mizigo katika kituo cha Mokameh Ghat, kando ya Mto Ganges, ambako mabehewa yalipakuliwa upande mmoja na shehena kupakiwa upande wa pili. Alikaa huko zaidi ya miaka 20 akifanya kazi bega kwa bega na wapagazi wake. Aliandika habari zao kwa upendo katika kitabu My India, ambacho pengine ndicho bora kuliko vyote alivyoandika, ijapokuwa wasomaji wengi hukiruka wakikimbilia vile vya simbamarara.

Jina lake lilianza kuvuma mwaka wa 1907. Simbamarara jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuwa amewaua watu 436 katika nchi za Nepal na India, alikuwa amezifunga njia na kuwazuia wanawake kwenda kutafuta kuni. Corbett alimfuata kwa miguu akamuua. Mwaka wa 1910 alimuua chui wa Panar, ambaye idadi ya waliokufa kwa makucha yake ilitajwa kuwa 400. Chui wa Rudraprayag, aliyewahangaisha mahujaji kwa miaka minane na kuwaua watu wapatao 125, alianguka mwaka wa 1926. Wa mwisho alikuwa jike wa Thak, mwaka wa 1938, mwindaji mwenyewe akiwa na umri wa miaka 63.

Kila alipomuua mnyama wa aina hiyo alimchunguza. Simbamarara wa Champawat alikuwa na meno yaliyovunjwa na risasi ya zamani. Wengine walikuwa na miiba ya nungunungu iliyozama miguuni, au vidonda vilivyooza. Corbett alihitimisha kwamba simbamarara hali watu kwa ukatili wa kuzaliwa nao. Hufanya hivyo anapojeruhiwa au kuzeeka, asiweze tena kukamata windo lake la kawaida. Mara nyingi aliyemjeruhi alikuwa binadamu.

Hitimisho hilo lilimweka mahali pagumu. Katika enzi hiyo, watawala wa Kiingereza na wafalme wa Kihindi walishindana kuua simbamarara kwa mamia na kupiga picha wakiwa wamekanyaga ngozi zao. Picha za aina hiyo zilijaa katika magazeti na katika kumbi za vilabu. Kwa umma, picha ya simbamarara ilikuwa picha ya mzoga.

Aliyeonyesha njia nyingine alikuwa ofisa wa misitu, Frederick Champion. Mtu huyo alitega kamera kando ya njia za wanyama na kufunga waya uliofyatua taa na kupiga picha pindi mnyama alipoukanyaga. Mwaka wa 1927 alichapisha kitabu chenye picha za simbamarara walio hai, usiku, wakitembea katika makao yao bila kujua kwamba wanatazamwa. Corbett alivutiwa mno. Aliamua kuacha kuwinda kwa ajili ya starehe, akabaki kuitwa tu palipokuwa na mnyama anayekula watu.

Tofauti ni kwamba yeye hakuridhika na picha iliyoganda. Alitaka filamu. Alipata kamera ya milimita 16 na kuanza kazi ambayo ilimshinda kwa miaka kadhaa, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote aliyewahi kujaribu kumpiga picha mnyama wa porini. Simbamarara hutoka jioni, mwanga unapokuwa umekwisha. Kamera za wakati huo zilikuwa na mlio kama wa cherehani, na sikio la simbamarara husikia mbali.

Suluhisho lake lilikuwa la kijanja na la uvumilivu mkubwa. Alitafuta korongo lenye kijito karibu na Kaladhungi, akaliziba maji kwa mawe mahali kadhaa ili yatengeneze maporomoko madogo madogo. Mchiririko wa maji uliufunika mlio wa kamera. Kisha akaanza kuwavuta simbamarara waliokuwa wametawanyika katika maeneo tofauti ya msitu, yadi chache kila mara, hadi walipozoea kufika katika korongo lile wakati wa mchana. Simbamarara saba waliingia katika mpango huo, na kazi yenyewe ikachukua zaidi ya miezi minne ya kuketi bila kutikisika.

Filamu zilizopatikana alizionyesha katika shule na vilabu, akizungumzia hatari iliyokuwa ikimkabili mnyama huyo. Watoto waliohudhuria mihadhara hiyo hawakusahau jinsi alivyoigiza mngurumo wa simbamarara ukumbini. Alishirikiana pia na gavana Malcolm Hailey, na mwaka wa 1936 ikaundwa mbuga ya kwanza ya taifa nchini India. Mbuga hiyo iliitwa Hailey. Miaka miwili baada ya kifo cha Corbett ilibadilishwa jina ikaitwa kwa heshima yake. Ni humo ambamo India ilizindua mradi wake mkubwa wa kuwaokoa simbamarara mwaka wa 1973.

Uandishi ulimjia akiwa mzee. Mwaka wa 1944, tawi la Oxford University Press mjini Bombay lilichapisha Man-Eaters of Kumaon, na mapato ya toleo la kwanza yakaelekezwa kwa wanajeshi wa Kihindi waliopofuka vitani. Corbett mwenyewe alikuwa ameshiriki vita vyote viwili vikuu. Mwaka wa 1917 aliongoza vibarua 500 wa Kumaon hadi Ufaransa, na katika vita vya pili aliwafunza wanajeshi mbinu za kuishi msituni kabla ya kupelekwa Burma, ambako askari wa KAR kutoka Kenya pia walipigana.

Hakuna aliyetarajia kilichofuata. Kitabu hicho kiliuzwa kama njugu nchini Uingereza na Marekani, na kufikia mwaka wa 1946 nakala zaidi ya nusu milioni zilikuwa zimechapwa. Umaarufu wa namna hiyo haukosi kufika Hollywood.

Kampuni ya Universal ilitoa filamu yenye jina linalokaribia kufanana na la kitabu mwaka wa 1948, chini ya mwelekezi Byron Haskin. Wendell Corey aliigiza kama daktari wa Kimarekani anayemjeruhi simbamarara, kisha akalazimika kumwandama. Mwigizaji mwenzake alikuwa Sabu, mwana wa mtunza ndovu wa Mysore aliyegunduliwa akiwa mtoto na watengenezaji filamu na kugeuzwa nyota wa hadithi zote za Hollywood zilizohitaji sura ya Kihindi. Matangazo yake yalipamba kuta za majumba ya sinema, na leo picha hizo husakwa na wakusanyaji wa kumbukumbu za filamu za zamani.

Kilichokosekana humo ni Corbett. Kisa chenyewe kilibuniwa na waandishi wa studio, na karibu hakuna tukio hata moja la kitabu lililosalia. Inasimuliwa kwamba mwandishi alipoitazama, aliyemsifu ni simbamarara pekee. Mtu aliyekaa miezi minne kando ya kijito akingojea picha ya kweli alikuwa amelipwa kwa picha ya uongo. Pesa hizo, hata hivyo, zilimfaa mzee aliyekuwa amehama nchi.

Kwa kuwa wakati huo tayari alikuwa Kenya. India ilijipatia uhuru Agosti 1947, na miezi michache baadaye Corbett na dada yake Maggie, ambao wote wawili hawakuwahi kuoa wala kuolewa, waliuza nyumba yao ya Nainital. Walihofia kwamba watu wa aina yao, waliozaliwa India lakini wakiwa wazungu, hawangekuwa na mahali katika taifa jipya. Inasemekana kabla ya kuondoka alizika baadhi ya bunduki zake msituni. Nyumba na ardhi ya wakazi wa kijiji chake aliendelea kuvilipia kodi kutoka ng'ambo.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwake. Tangu miaka ya 1920 alikuwa na hisa katika shamba la kahawa karibu na Moshi, Tanganyika, na alizoea kulitembelea mara kwa mara. Ndugu hao wawili hatimaye walitua Nyeri, katika nyumba ndogo iliyoko kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan.

Nyumba hiyo, Paxtu, ilikuwa imejengwa mwaka wa 1938 kwa ajili ya Baden-Powell, ambaye aliitazama milima kutoka barazani hadi alipokata roho. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, ndiye pia aliyejenga Treetops mwaka wa 1932: chumba cha mbao juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, mkabala na kidimbwi cha maji ya chumvichumvi ambacho wanyama hukijia usiku. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alilala juu ya ulingo akingojea mnyama, mahali hapo palikuwa kama nyumbani. Corbett alikuwa akiwasindikiza wageni huko, na kamera yake ya filamu ikapata kazi mpya kwa ndovu, vifaru na nyati.

Ni hapo historia ilipomkuta. Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walitua Nairobi Februari 1, 1952, wakiwa safarini kuelekea Australia, na kufikia Sagana Lodge, nyumba waliyozawadiwa na Kenya walipooana. Alasiri ya Februari 5 walikwenda Treetops. Corbett, akiwa na umri wa miaka 76, aliombwa awe miongoni mwa wenyeji wao.

Siku hiyo ndovu walikuwa wamejaa kwenye kidimbwi, wengine karibu kabisa na ngazi. Kitambaa cheupe kilipepea juu ya paa, ishara waliyokuwa wameafikiana ya kuwaonya wageni juu ya hatari. Hata hivyo, binti mfalme alitembea moja kwa moja hadi kwenye ngazi na kupanda bila kuonyesha woga. Mara tu alipofika barazani alichukua kamera yake mwenyewe ya filamu na kuanza kuwapiga picha ndovu. Mzee wa Kumaon aliketi kando yake akimweleza tabia za wanyama, kamera kwa kamera.

Usiku ulipoingia na wageni kwenda kulala, Corbett alikaa juu ya ngazi akilinda hadi kulipopambazuka. Usiku huo huo, huko Sandringham, Mfalme George VI alifariki usingizini. Katika daftari la wageni la Treetops, Corbett aliandika maneno ambayo baadaye yalizunguka duniani, akieleza jinsi aliyepanda mti akiwa binti mfalme alivyoshuka akiwa malkia.

Habari hiyo haikufika Nyeri kwa njia za serikali. Katibu wa binti mfalme, Martin Charteris, aliipata kutoka kwa mwanahabari wa East African Standard alipokuwa Outspan. Ilipenyezwa hadi Sagana, ambako Philip alimjulisha mkewe. Jioni hiyo aliondoka kuelekea uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki, akasafirishwa hadi Entebbe na kutoka huko hadi London.

Wapiga picha wa magazeti walikuwa wamejipanga nje ya Sagana Lodge. Picha ya kwanza ya malkia mpya ilikuwa na thamani isiyokadirika kwa mhariri yeyote wa London au New York. Waliombwa wasiipige, nao wakatii: gari lilipita huku kamera zikiwa zimeshushwa. Katika kumbukumbu za uanahabari wa picha ni nadra kupata tukio kubwa kiasi hicho ambalo halina picha kwa hiari ya wapiga picha wenyewe. Kwa hivyo, maandishi ya Corbett yamebaki kuwa miongoni mwa shuhuda chache za karibu za saa zile.

Miezi minane baadaye, Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu ambao Corbett aliupenda ukawa uwanja wa vita vya Mau Mau. Mnamo Mei 27, 1954, wapiganaji waliiteketeza Treetops, ambayo wanajeshi walikuwa wakiitumia kama kituo cha kutazamia adui.

Hapa ndipo kasoro ya Corbett inapoonekana. Aliyeandika habari za wanavijiji wa Kumaon kwa majina yao, akawataja mmoja mmoja wanaodaiwa, wanaougua na wanaocheka, hakuandika lolote la maana kuhusu Wakikuyu aliokaa katikati yao kwa zaidi ya miaka saba. Kitabu chake kuhusu Nyeri ni chembamba, na watu wanaoonekana ndani yake ni wageni wa hoteli. Ardhi iliyokuwa chini ya vita hivyo, nani aliyekuwa ameipoteza na nani aliyekuwa ameipata, haimo. Labda umri ulikuwa umempita. Labda pia jicho lililofunzwa utotoni huona vizuri pale lilipofunzwa tu.

Nyeri hiyo hiyo ilitoa picha nyingine ya habari mnamo Oktoba 1956. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, alipigwa risasi na kukamatwa, akapigwa picha amelala chali akiwa na pingu, nywele zikiwa ndefu zilizosokotwa. Safari hii hakuna aliyeombwa kushusha kamera. Wakoloni waliisambaza picha hiyo kuonyesha kwamba wameshinda, nao Wakenya wakaigeuza kuwa sura ya shujaa. Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957 na kuzikwa gerezani humo katika kaburi lisilo na alama, ilhali makaburi ya wageni pale St Peter's yana mawe na majina.

Corbett hakuliona hilo. Alikuwa amemaliza mswada wa kitabu chake cha mwisho, Tree Tops, moyo wake ulipomshinda na akafariki Aprili 19, 1955, akiwa na umri wa miaka 79. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, kikieleza chumba cha mbao ambacho tayari kilikuwa majivu. Treetops mpya ilijengwa mwaka wa 1957 upande wa pili wa kidimbwi, na Malkia aliyekuwa binti mfalme aliizuru Novemba 1983.

Bunduki yake maarufu, aina ya Rigby aliyozawadiwa baada ya kumuua simbamarara wa Champawat, ilipelekwa kwa wachapishaji wake na miaka mingi baadaye ikarudi kwa kampuni iliyoitengeneza jijini London. Mwaka wa 1968, mwanasayansi Vratislav Mazák alipotambua kundi la simbamarara wa kusini mashariki mwa Asia kuwa jamii ya kipekee, aliliita kwa jina la Corbett.

Maggie alibaki Kenya hadi alipofariki mwaka wa 1963. Katika miaka hiyo ya upweke alimsimulia rafiki yake, Ruby Beyts, yote aliyoyakumbuka kuhusu kaka yake: utoto wa Kaladhungi, mbwa wao, wagonjwa waliofika barazani kutafuta dawa, na safari za alfajiri alizoondoka akiwa na kamera begani. Waandishi waliotunga maisha ya Jim Corbett baada ya hapo wameyatumia masimulizi hayo ya dada yake.